Gauni la Buluu Katika Daftari la Vielelezo

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwa kimya cha mwaka mzima. Baada ya msiba wa mke wangu ulinishauri nitafute jambo la kunishughulisha, nami sikukujibu kwa kuwa sikuwa nimelipata. Sasa nimelipata, na naomba msaada, kwani limenizidi kimo.

Mimi ni karani wa halmashauri, umri miaka hamsini na tisa, na kazi yangu ni kutunza chumba cha vielelezo, ambako fedha taslimu zilizokamatwa na polisi hukaa ndani ya mfuko wa plastiki angavu uliotiwa lakiri mpaka mahakama iamue kama ni za uhalifu, zichukuliwe na halmashauri, au ni za mtu, arudishiwe. Mwaka huu uliletwa mfuko wa noti zilizokutwa ndani ya mto wa kochi, katika nyumba ambamo mpangaji mmoja alikuwa akiuza simu za wizi, nami nikazikagua moja moja mbele ya askari, nikaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari kwamba kila noti ina matundu mawili pembeni, kama ya sindano, askari akatia sahihi. Wiki tatu baadaye akaja mpangaji wa chumba cha pili, fundi cherehani, mjane, akaeleza, kabla sijamwonyesha chochote, kwamba mto ni wake, fedha ni zake za kununulia cherehani ya umeme, na kwamba alizishonea kwenye kitambaa ili zisimtoroke. Hayo nayo niliyaandika.

Kanuni inamruhusu mdai kuukagua mfuko mara moja kwa mwezi, bila kuugusa. Yeye alikuja Jumanne, akaja na Jumanne iliyofuata, nikamsomea kanuni, akasema, "Mzee karani, naangalia tu kama zinapumua," nami, ambaye kwa miaka thelathini sijamruhusu mtu hata kuegemea kaunta, nikamvutia kiti. Sasa amekuja Jumanne kumi na saba. Mshauri, Jumatatu napiga pasi hata leso, na Jumanne napanda ngazi za ofisi vidato viwili viwili, kwa magoti haya haya.

Tatizo ni kwamba daftari lina safu ya maelezo, na nilifundishwa kwamba safu haiachwi wazi wala haiandikwi uongo. Basi nimeandika. "Lakiri ni nzima. Mdai amevaa gauni la buluu." Wiki iliyofuata: "Mfuko haujaguswa. Mdai amecheka." Na siku moja ya mvua: "Mdai hakufika. Siku ndefu."

Hakimu ameagiza daftari lifikishwe mahakamani baada ya wiki tatu. Mweka hazina amechungulia mlangoni akaniambia, "Mzee, hizo hela tumeshazipangia viti vya ukumbi, usituangushe." Binti yangu, nilipomwonyesha, alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, nunua daftari jipya, unakili, uruke hayo mambo ya gauni. Nani atajua?" Nimelinunua. Liko mezani, tupu. Nikinakili, naokoa heshima yangu. Nisiponakili, wakili wa halmashauri atasoma "Siku ndefu" mbele ya watu wote, atasema karani amependa, na kwamba matundu ameyatunga yeye, na fundi atakosa cherehani yake kwa ajili ya moyo wangu. Na je, nimweleze hali yangu kabla ya hukumu au baada yake?

Wako,
Karani wa Vielelezo

*

Karani,

Niliposema utafute jambo la kukushughulisha, nilimaanisha bustani. Hata hivyo, hongera, na pole.

Daftari jipya lirudishe dukani leo; risiti najua unayo. Ukinakili, ukurasa wa kwanza nao utakuwa nakala ya wino wa juzi, na ushahidi wa huyo mama utakuwa umeuua kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Matundu uliyaandika wiki tatu kabla hujaiona sura yake, na sahihi ya askari iko chini. Yeye naye alitaja kuzishonea kabla hajauona mfuko. Hakuna gauni linaloweza kurudi nyuma na kuyabadilisha hayo.

Lakini kosa unalo, usilifunike. Kanuni ni mara moja kwa mwezi. Wadai wengine uliwavutia kiti? Kesho asubuhi mwandikie mkurugenzi: ulizidisha ziara, unampenda mdai, unakabidhi funguo. Ongeza na maneno ya mweka hazina, kwani fedha ambazo hazijaamuliwa hazinunui hata mguu wa kiti. Wakili akikusomea "Siku ndefu", jibu kwamba ilikuwa ndefu kweli, kisha umrudishe kwenye ukurasa wa kwanza.

Na kwa fundi, funga mdomo mpaka hukumu itoke. Mwanamke hawezi kumkatalia kwa uhuru mtu aliyeshika funguo za fedha zake. Baada ya hapo, ashinde au ashindwe, nenda kwake mikono mitupu. Daftari usilibebe.

*

Gazeti likiwa bado halijaenda mitamboni, kimeletwa kijibarua hiki:

Mpendwa Mshauri, nimekabidhi funguo na nimepokea barua ya onyo, ambayo imeandikwa vizuri. Jumanne fundi alinikuta ngazini na boksi la vitu vyangu. Nikamweleza kwamba mfuko sasa ataonyeshwa na karani mwingine, tena mara moja kwa mwezi. "Na hizi Jumanne nyingine," akauliza, "nitakuwa nakuja kuangalia nini?"

Sikujibu, kama ulivyoagiza. Nilishuka vidato vitatu vitatu. Nitakuandikia uamuzi utakapotoka: wa hakimu kwanza.