Maneno Ambayo Hukuyasema

Butiama, Alhamisi

Mama,

Nimekusingizia. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua, nikiwa na kosa nakuwaga na salamu nyingi. Nimekusingizia maneno, nikapata kazi kwa maneno hayo, na sasa yameandikwa kwenye bango kubwa la bluu na nusu ya Bunda imelisoma.

Ngoja nikueleze taratibu.

Tulipokuzika nilirudi Musoma, kwenye chumba changu kile cha Kitaji na kibarua changu cha pale dukani Iringo. Kutwa natoa kopi na kuprinti vyeti vya wenzangu wanaotafuta ajira, huku stashahada yangu ya kilimo imelala kwenye begi chini ya kitanda. Mwaka huu mradi mmoja wa wakulima wa pamba ukatangaza nafasi ya afisa wa shambani huku Butiama. Nikasema hii ndiyo yangu.

Maombi yenyewe unajaza kwenye simu. Na siku hizi kuna kitu kinaitwa akili mnemba, Mama, umeondoka hukijui. Unakiandikia unachotaka, kinakujibu kama mtu, tena mtu aliyesoma sana na hachoki. Vijana karibu wote waliokuwa wanaleta maombi pale dukani walikuwa wanakitumia. Na mimi nikakitumia kunipangia wasifu wangu, kikaupanga vizuri, na hapo sina dhambi. Vyeti ni vyangu, mafunzo kwa vitendo niliyafanya kweli, chenyewe kilinyoosha sentensi tu.

Shida ikaja kwenye swali la mwisho. Eleza tukio lililokufanya uipende kazi hii. Nikakaa nalo, halafu uvivu ukanishika. Nikaandika: mama yangu alikuwa mkulima wa pamba Bunda, amefariki mwaka jana, niandikie kitu kizuri. Basi. Ndivyo nilivyokukabidhi kwa mashine, Mama, kwa mstari mmoja.

Ikaandika kwamba jioni ya mwisho nilikaa kando ya kitanda chako. Kwamba ulinishika mkono ukasema, "Mwanangu, usiwaache wakulima wenzangu. Wao ndio urithi wangu kwako." Kwamba nilikuahidi, ukatabasamu, ukafumba macho.

Urithi! Wewe, Mama, ambaye hata salamu ulikuwaga unaikata nusu. Hao wakulima wenzako ulikuwa unawaita "hawa watu", tena siku ambayo umefurahi. Nilijua pale pale kwamba hukusema. Nilijua kuliko mtu yeyote, maana sikuwepo. Lakini nilivyosoma nililia. Nikasoma tena, nikalia tena. Ile mashine ilikuwa imenipa kiti kando ya kitanda chako, na mimi kile kiti nilikitaka. Sikufuta kitu. Nikabonyeza tuma.

Sasa nikuambie na lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Jumatatu ya wiki ile uliyofariki Mamdogo alinipigia: "Mama yako anakuulizia." Nikamjibu, "Mwambie Jumamosi nakuja." Mamdogo akasema sawa. Wote mlidhani kazi imenibana. Kazi haikunibana. Tajiri wangu angeniruhusu saa ileile. Ijumaa kulikuwa na harusi ya rafiki yangu na Jumanne nilikuwa na miadi ya kusuka nywele. Mama, nilikuwa nasukwa. Nimekaa kwenye kigoda masaa matano mazima nacheka na wasusi, na wewe umelala pale unahesabu siku mpaka Jumamosi.

Jumatano asubuhi Mamdogo akapiga tena, akasema umezidiwa, panda gari. Alinipokea stendi ya Bunda, akanipitisha kwake kwanza. Kila nikiuliza mama vipi, ananiambia, "Kula kwanza." Akaniwekea ugali na samaki, sato, akasimama mlangoni ananiangalia kama askari. Nikala kwa haraka ili twende kijijini. Nilivyonawa tu mikono ndipo akaniambia kwamba umeshaondoka tangu asubuhi.

Sikumsamehe. Nilimwambia pale msibani mbele ya watu: "Ulinilisha kama ng'ombe anayepelekwa mnadani." Hakujibu. Zile nywele nilizifumua mwenyewe nyuma ya choo, kwa hasira, nyingine nikazikata na kiwembe. Tangu siku ile sijala sato, na Mamdogo nilikuwa naongea naye kwa maneno ya lazima tu.

Basi, nikaitwa kwenye usaili mbele ya kamati. Mkuu wa mradi ni mama mmoja wa makamo, tunamwita Madam Rhobi. Alikuwa na karatasi yangu mkononi. Akavua miwani, akaniangalia, akasema, "Pole sana, binti yangu. Mama alikuambia haya maneno kweli?" Hapo Mungu alinipa mlango, Mama, mlango wazi kabisa. Nikasema, "Ndiyo, Madam." Sauti haikutetemeka hata. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu kwamba nimepata.

Na kazi naipenda, hilo ni kweli. Naamka naenda mashambani, naangalia wadudu kwenye vitumba, nabishana na wazee kuhusu nafasi ya kupandia. Ila kikao changu cha kwanza kule Buswahili, Madam akanisukuma mbele: "Waambie alichokuambia mama yako." Nikasema yote, urithi na nini. Kina mama wakaguna, mmoja akajifuta macho kwa kanga, akanishika mkono baadaye akaniambia nimelelewa. Nilienda kukaa kwenye gari.

Nilikumbuka lile gunia. Nilikuwa darasa la tano, tumevuna, ukanipa kazi ya kuchambua pamba safi na fifi, ile yenye madoa. Nikachoka, nikaificha fifi yote katikati ya gunia, nikaweka safi juu. Kufika kwenye kituo cha kununulia, ukatia mkono ndani. Halafu ukalimwaga gunia zima chini mbele ya foleni. Watu wakalalamika, karani akasema, "Mama, ipite tu." Wewe ukasema neno moja: "Chambua." Nikachambua nalia, na wewe umesimama juu yangu na mikono kiunoni. Sikuelewa aibu ile yote ya nini kwa fifi kidogo hivyo. Pale kwenye gari Buswahili nilielewa, na bado sikusema.

Jumamosi iliyopita mradi ukafanya siku ya wakulima Bunda. Madam bila kuniambia akatengeneza bango. *Usiwaache wakulima wenzangu.* Chini yake: Maneno ya mwisho ya mama mkulima wa Bunda. Yaani nilishuka kwenye gari nikalikuta limetanda kati ya miti miwili. Na chama chenu cha msingi cha wakulima kilikuwa kimealikwa, na Mamdogo ndiye anayelima shamba lako sasa, kwa hiyo alikuwepo, mstari wa mbele, na lile gauni lake la kanisani.

Alilisoma. Nilimwona analisoma, midomo inatembea. Alipiga makofi pale watu walipopiga makofi. Baada ya chakula akanifuata kwenye pipa la maji, akaanza kunawa mikono taratibu, akaniuliza bila kuniangalia: "Dada aliyasema hayo saa ngapi? Maana mimi ndo nilikuwa nampa uji."

Mama, nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia yote. Simu, mashine, mstari mmoja, usaili. Nikamwambia hadi nywele. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akakung'uta mikono, akasema, "Unataka kujua alisemaje?"

Akasema asubuhi ile uliulizia turubai, kwa sababu wingu lilikuwa limefunga na pamba iko nje. Akakuambia ameshafunika. Ukageukia ukutani, akadhani umelala. Halafu ukasema: "Nyangeta atafika na njaa. Yule akiwa na haraka halagi. Mpe chakula kwanza, ndo umwambie."

Nikamuuliza, mbona hukuniambia siku zote hizi? Nimekutukana mbele ya watu, mbona ulinyamaza? Akasema, "Ulikuwa na uchungu. Ningekuambia ungeacha kula kabisa."

Nisamehe. Siwezi kuandika hapa vizuri. Ulijua sitawahi. Ulikuwa unakufa na ulijua binti yako hatawahi, na hukuniachia lawama, uliniachia chakula. Na mimi nikaenda kukutafutia maneno mengine kwenye simu, eti mazuri zaidi.

Jumanne nikaingia ofisini kwa Madam Rhobi nikafunga mlango. Nikamwambia. Akavua miwani, akaiweka mezani. Kisha akasema, "Maombi karibu yote siku hizi yanapita kwenye hiyo mashine, sijakataa. Hata mimi barua zangu inaninyooshea. Lakini Nyangeta, mimi nilimwajiri yule mama uliyemwandika. Wewe nilikuchukua kwa ajili yake." Nikasema yule mama hayupo, Madam, yupo mwingine. Akauliza huyo mwingine alisemaje. Nikamwambia. Madam akavaa miwani, akaivua, akageukia dirishani.

Hakunisamehe, usije ukafikiri. Amesema nilijibu ndiyo mbele ya kamati nzima, kwa hiyo ni kamati itakayoamua Jumatatu kama nabaki au naondoka. Amenipa swali lilelile nilijibu upya. Akasema nikitaka mashine initazamie herufi, ruksa, ila niandike chini kwamba nimeitumia. "Lakini nikisoma kwamba kitu kimetokea, kiwe kimetokea." Bango ameshaliondoa mwenyewe.

Nimejibu leo. Nimeandika kwamba mama yangu hakuwahi kunituma kwa wakulima. Nimeandika gunia, na foleni iliyolalamika, na neno "chambua". Nimeandika kwamba siku unafariki sikuwepo kwa sababu ya nywele, na kwamba ulichoniachia ni sahani ya ugali na sato. Sijui kama hiyo ni sababu ya kupenda pamba. Ila ndiyo niliyo nayo. Nikaipa ile mashine irekebishe herufi. Ikarekebisha, halafu ikaniuliza kama ningependa iyafanye maneno ya mama yaguse zaidi. Nikaijibu hapana. Nikafunga simu nikacheka peke yangu kama mwehu, maana nilikusikia kabisa ukisema, yaguse nini tena?

Naogopa, Mama. Sitakuficha. Wakinifukuza nitarudi kwenye mashine ya kopi, na safari hii kila mtu Butiama atajua sababu. Kesho nina kikao Buswahili, kikao cha mwisho kabla ya Jumatatu. Yule mama wa kanga atakuwepo. Ningeweza kusubiri kamati iamue ndipo nijue kama kuna haja ya kuwaambia. Sisubiri. Nitasimama palepale niliposimama mara ya kwanza, niwaambie hayakuwa maneno yako, yalikuwa uvivu wangu. Wakiguna waache wagune. Ile fifi niliipakia mwenyewe.

Na baada ya hapo, iwe nina kazi au sina, sitakutia neno mdomoni tena. Ulisema machache, yananitosha. Mtu akinijia na maombi yake nimsaidie, nitakaa naye kwanza anisimulie, ndipo tufungue simu.

Pumzika, Mama. Pamba ya mwaka huu Mamdogo ameifunika vizuri, nimeona mwenyewe.

Jumamosi nakuja. Najua niliwahi kukuambia hivyo. Nimeshakata tiketi, nimempigia Mamdogo, akaniuliza apike nini. Nikamwambia sato. Nitakula kwanza, halafu ndipo nije kaburini.

Mwanao,
Nyangeta