Mahema ya Chini

3 Machi

Dada, shikamoo. Hujambo wewe na hiyo miguu yako? Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika kila nikiinama.

Umeuliza nafanya kazi gani. Nasimamisha mahema. Kambi iko bondeni, kando ya mto, na watu wanatoka mijini kuja kuutazama. Juu kwenye mteremko kuna mahema makubwa: sakafu ya mbao, kitanda cha shuka nyeupe, bafu humohumo. Hayo ni ya wenye uwezo. Chini, kwenye nyasi zilizo sawa na mto, kuna vihema vya wanaojipikia wenyewe. Usicheke. Ni watu wazima, wana nyumba zao, na wanakuja kulala turubaini kwa hiari yao.

Kuna jambo linanikera. Kule chini miti imenasa takataka matawini: nyasi kavu, kamba, ndala moja ya mtoto. Ziko juu kuliko kichwa changu. Wewe na mimi tunajua kinachozipandisha pale. Nikamwambia msimamizi kwamba maji yameshafika hapa. Akasema wageni wanapiga picha halafu wanauliza uchafu ule ni wa nini, kwa hiyo nichukue ngazi niuondoe. Nimeuondoa kwa siku tatu. Sasa miti imekuwa safi kama iliyonyolewa.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Miguu ni ileile, inavimba kwa zamu, leo wa kulia, kesho wa kushoto.

Nilicheka kwanza. Sisi tulipolala turubaini miezi minne, baada ya mto kuchukua nyumba, mbona hakuja mtu kutupiga picha akasema pazuri? Kisha nikaacha kucheka. Ulikuwa na miaka sita, nimekubeba mgongoni, unanivuta nywele. Mama hatujampata mpaka leo. Na wewe ndiye uliyepanda ngazi kufuta alama?

Waambie wageni. Achana na msimamizi, waambie wageni wenyewe. Wakikufukuza, rudi. Njaa ya huku tunafahamiana nayo.

Dada yako

2 Aprili

Dada, shikamoo. Afya ipo. Usingizi ndio sina.

Sitakuficha. Siku nne zilizopita alikuja mwalimu mmoja na mkewe, watu wa makamo, wacheshi. Mume alisema imemchukua miaka ishirini kumshawishi mkewe watoke nyumbani waje kulala vibaya. Nikawasimamishia hema la chini. Mke akaniuliza, "Kaka, mto huu ukijaa, maji hufika wapi?"

Msimamizi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Nikamwonyesha jiwe lililo ukingoni kabisa.

"Hapo tu, mama."

Akanishukuru. Wakaomba hema lisogezwe karibu zaidi, wausikie mto vizuri. Watakaa mpaka katikati ya mwezi. Kila siku najiambia leo nitamwambia, na kila siku msimamizi yupo.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu, salamu baadaye. Redio imetaja bonde lenu. Majina haikutaja. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako

27 Aprili

Bado sijapata kitu. Karani wa posta siku hizi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama u hai, na barua yangu ndiyo iliyokuudhi, basi niandikie hayo matusi nikayasome.

Dada yako

5 Mei

Dada, shikamoo. Ni mzima. Nisamehe.

Maji yalikuja saa saba mchana, jua linawaka, wingu hakuna. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani. Mahema ya juu hayakupata hata tone. Ya chini yalikwenda yote sita. Wengi walikuwa wametoka kutembea. Mwalimu alikuwa amepanda juu kuomba kiberiti. Mkewe alikuwa amejilaza hemani.

Wapelelezi walikuja. Msimamizi akawaambia hakuna aliyejua, hapakuwa na alama yoyote. Wakaitazama miti, wakaandika.

Mwalimu hajaondoka. Kila asubuhi tunashuka wawili kumtafuta mkewe, tunafuata ukingo, tunapekua matope kwa fimbo. Wenzangu walishakata tamaa. Ananimegea mkate wake. Juzi aliwaambia watu kwamba katika kambi nzima mwenye utu ni mimi. Neno hilo, dada, lilinishinda kumeza.

Leo, maji yakiwa magotini, nilimwambia yote: ngazi, miti, msimamizi, jiwe. Aliegemea fimbo yake. Kisha akaendelea kutafuta. Nikamfuata nyuma, maana sikujua nifanye nini kingine. Hakunifukuza.

Jioni tulipofika mlangoni pa banda letu la wafanyakazi alisema, "Kesho." Basi. Sijui ni kesho ya kutafuta au kesho ya kituo cha polisi. Nimefua shati. Atakakonipeleka, nitakwenda.

Mdogo wako