Jina Lako Sokoni Waithaka

Dada Mumbua,

Huku baridi imetuweka karibu na birika la chai, lakini lazima nikuambie alichofanya binti yako leo.

Kavata alikuwa kwenye pikapu ya serikali inayotangaza chanjo ya surua. Wakafika sokoni, mahali wanapouza mboga kina mama viziwi. Hakuna aliyegeuka, basi dereva akaongeza sauti ya spika! Mara ya mwisho waliwapita hivyo hivyo, na watoto wao wakakosa sindano.

"Zima hiyo kitu, buda," Kavata akamwambia. Akasimama nyuma ya pikapu, akaeleza yote kwa mikono: siku, mahali, umri wa watoto. Sukuma wiki zikawekwa chini, maswali yakamiminika.

Mama mmoja akamuuliza kwa ishara, "Umejifunzia wapi?"

Kavata akagusa shavu, pale penye kibonyo chako, ishara ya jina lako. "Huyu ni mama yangu. Yeye pia hasikii."

Na wewe uliogopa angekuonea haya mjini!

Wale kina mama wote waligusa mashavu yao, dada. Wanakusalimia.

Ndugu yako anayekupenda,
Mutua