Chupa za Mwaka wa Thelathini na Saba

Dijon, 1 Desemba 1958

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha Baba kiwe kimetulia. Mimi sijambo, ila vidole vimevimba kwa baridi, maana ofisini makaa huwashwa wakili akishafika, na wakili hawahi.

Mama, nimo matatani. Wakili Bourdelin anamkaribisha jaji chakula cha jioni tarehe ishirini, na mkewe amenitwika mimi kazi ya kuchagua mvinyo. “Wewe ni mtoto wa wakulima wa zabibu, Anselme,” kasema mbele ya watu wote, “hutatuaibisha.” Nilitaka kumwambia kwamba nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nashika vitabu vya hesabu wakati kaka Firmin anashika mkasi wa kupogolea, na kwamba glasi mbili tu huniumiza kichwa. Nikasema, “Ndiyo, Madame.” Karani mkuu, Tissier, akacheka puani: “Ukikosea, kijana, utarudi kwenu kukanyaga zabibu.” Anatania, lakini bado niko kwenye majaribio.

Wataanza na chaza, kisha sungura wa porini aliyechemshwa kwa mvinyo na uyoga, kisha jibini. Sijui nini kiende na nini. Naomba mnichagulie, na kama ghalani kuna chupa za kutosha, mnitumie. Wakili atalipa.

Firmin ameandika? Kwangu hajaandika.

Mwanao,
Anselme


Verchisy, 8 Desemba 1958

Mwanangu Anselme,

Barua yako imetukuta wazima, na wewe pake vidole mafuta ya bata kabla hujalala. Kifua cha baba yako hakijambo. Ulimi wake ndio unaouma. Siku hizi hasemi.

Sasa sikiliza, na acha kutetemeka. Na chaza peleka mvinyo mweupe mkavu, usio na utamu, ule unaokwaruza kidogo ulimi kama jiwe. Uweke nje dirishani saa moja tu, usigande. Na sungura peleka mwekundu mzee. Baridi kama hii mvinyo uwe koti, si kanzu. Jibini umalizie mwekundu uleule, usiwachanganye watu vichwa. Na nakuomba kwa roho ya bibi yako, usiweke chupa karibu na jiko ili ipate joto. Watu wa mjini ndivyo wanavyoua mvinyo. Ipandishe asubuhi, isimame ukumbini, ipate joto pole pole kama mgeni aliyetoka kwenye theluji.

Mweupe tutakutumia wa mwaka juzi. Mwekundu kasema atachagua baba yako, na kreti ataifunga mwenyewe. Kanikataza kushuka ghalani, eti ngazi zina barafu. Nimeshuka ngazi zile nikiwa na mimba zenu nyote wawili, leo ndiyo zina barafu.

Najua utauliza, basi nakwambia kabla: za Firmin za mwaka wa 37, mwaka aliozaliwa, hazikaribiwi. Zimelala kwenye kona yake zikingoja harusi yake na Odile. Odile alikuja Jumapili na kitambaa cha gauni, nikampima, tukacheka. Zako za 39 ndizo ninazopikia nyama, usinune. Mwaka uliozaliwa mvua haikutuhurumia, tutakuozesha kwa za kuazima.

Firmin hajaandika tangu sikukuu ya Watakatifu Wote. Barua za jeshini kutoka Algeria zinatembea kwa magongo. Nimemfumia soksi, ingawa Odile anasema kule ni joto.

Jirani yetu Bi Perrenot tumemsema tena. Binti yake amekufa miaka yote ile na chupa zake bado ziko ndani. Desturi anaijua: mtoto akitangulia, chupa zake hupelekewa watu wa mbali, wazinywe bila kujua, zisibaki nyumbani zikimngoja asiyekuja. Lakini nani ataenda kumwambia?

Meya alipita juzi. Walisimama nje na baba yako, kofia mkononi kwenye upepo ule. Kumuuliza, kasema ni mambo ya barabara.

Kula vizuri.

Mama yako


Dijon, 21 Desemba 1958

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo. Umelala vizuri? Unakula? Odile yupo karibu nawe? Nisamehe maswali.

Kreti ilifika salama. Niliifungua kwenye stoo ya ofisi, nikakaa chini sakafuni. Tissier akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia ni kizunguzungu. Nilitaka kumwomba wakili aninunulie chupa nyingine za mwekundu dukani, hata za bei mbaya, hata akinifukuza. Lakini mkewe alikwisha kuagiza zibebwe, zikawa ukumbini zimesimama, kama ulivyosema.

Chaza walipenda. Mweupe ulikwenda nao vizuri. Sungura alipoletwa niliagizwa nimimine mimi, tone likaanguka kwenye kitambaa cha meza. Jaji akanywa, akanywa tena.

“Nani mwenye mvinyo huu?”

“Wa nyumbani kwetu, Bwana Jaji.”

“Nakuuliza nani aliyeutengeneza.”

“Baba.”

“Basi mpe salamu zangu. Mwambie ana mkono wa bahati.”

Wote wakacheka, wakainua glasi. Madame akanikonyeza. Wakili amesema kazi ni yangu. Ni habari njema, Mama, ndiyo nakuandikia.

Mwekundu ulikuwa mzuri. Mwaka sikuutazama.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Msalimie Baba. Mwambie nimepokea vyote alivyonitumia, na nimeelewa maagizo.

Mwanao,
Anselme


Verchisy, 27 Desemba 1958

Anselme,

Sisi tupo.

Maagizo gani? Baba yako hakukuandikia neno hata moja. Kalamu nashika mimi nyumba hii. Nilikisoma kile kijisentensi chako mara mbili, nikachukua taa, nikashuka. Ngazi zilikuwa kavu.

Kona ya Firmin imebaki mchanga mtupu, na alama za chupa.

Nilipopanda baba yako alikuwa ameketi mezani, kofia kichwani. Sikumuuliza. Nilimwambia, “Lini?” Akasema Novemba, mwishoni, waliviziwa barabarani, gari lao lilikuwa la mwisho kwenye msafara. Meya alimletea karatasi. Alikuwa akiniambia kila asubuhi, anasema, moyoni, na kila asubuhi mdomo unakataa, na mimi nafuma soksi. Kisha ikaja barua yako ya kuomba mvinyo. Mikono yake ikaenda yenyewe kwenye ile kona. Angalau hilo, kasema, angalau hilo litendeke sawasawa.

Sijamgombeza. Odile nimemwambia mimi. Kitambaa amekiacha hapa.

Wewe ulijua na ukaniandikia habari za chaza. Sikulaumu, mwanangu. Mimi ningeandika nini?

Za 39 sizipikii tena. Nimezihesabu na mlango wa ghala nimeufunga, ufunguo uko shingoni mwangu. Najua mwezi wa nne ni zamu yako kuitwa jeshini. Kufuli haizuii kitu. Najua hilo pia.

Nina neno moja tu la kukuuliza, na usinifiche. Firmin akiwa bado ananyonya, baba yako aliujaza ule mvinyo kwenye chupa huku mimi nasikia zinagongana ghalani, chini ya kitanda changu. Sikuwahi kuuonja. Wewe ulionja? Ulikuwaje?

Mama yako


Dijon, 30 Desemba 1958

Mama,

Nakuamkia, na Baba pia.

Nilionja. Kumimina mvinyo wa Firmin mbele yao na mimi nisiujue, sikuweza. Wageni walipoondoka nilipeleka glasi jikoni. Ya jaji ilikuwa na kidogo kilichobaki, nikakinywa nimesimama, koti nimelivaa tayari.

Ulinukia ghala letu baada ya mvua, na majani ya vuli, na matunda meusi yale ambayo Firmin alikuwa akiyala mpaka ulimi unageuka rangi. Kichwa hakikuniuma.

Umesema nisikufiche. Mama, haukuwa umekomaa. Ulikuwa bado mkali pembeni, bado na nguvu zake zote. Hata mimi nisiyejua mvinyo nilijua. Ungeweza kungoja miaka mingi.

Mwanao,
Anselme