Jamaa Hawajaarifiwa

Alhamisi, 11 Februari 1999

Ripoti ya barabara ya Shinyalu nimeimaliza saa sita. Kalvati mbili za kupitishia maji zimeziba, daraja dogo limeliwa na maji upande mmoja. Ripoti itakwenda Nairobi, italala mezani kwa mtu, itarudi na muhuri. Daraja litakuwa limeshajiondokea. Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa barabara, sijaona ripoti ikilitangulia shimo.

Saa kumi nikateremka kwa Mama Brenda, nyuma ya soko, penye fotokopi, simu na kompyuta moja ya intaneti. Kwa mwanangu Muhonja, huko ng'ambo, wakati huo ni saa moja asubuhi. Nikafungua ukurasa wa redio ya mji wao. Wanaubadilisha kila nusu saa. Leo: daraja la kaskazini, foleni ndefu. Barabara ya hospitali, lori limelala ubavu, dereva ameumia mguu. Makutano ya chuo, barafu, endesheni polepole.

Mashimo ya Shinyalu Nairobi watayajua mwezi wa nne wakipenda. Mguu wa mzungu nisiyemjua nimeujua kabla hajafikishwa hospitali.

Mwanangu hupanda basi namba sita hapo makutano ya chuo. Hakuna neno juu ya namba sita. Basi nikarudi nyumbani Malinya, nikapasha obusuma, ugali wa jana, nikala nimesimama.

Ijumaa, 12 Februari

Namba sita salama. Theluji kidogo.

Nimegundua kwamba najua majina ya barabara za mji ule kumi na moja. Muhonja mwenyewe, tangu aende kusomea uuguzi mwezi wa nane, sijui hata rangi ya pazia la chumba chake.

Jumatatu, 15 Februari

Imeli kutoka kwake. Anaeleza mitihani, baridi, chakula kisicho na chumvi. Mwishoni: "Baba, mbona Mama haongezi hata mstari mmoja siku hizi? Zamani alikuwa anakwambia uandike hivi na hivi. Au amenikasirikia?"

Nimemjibu kwamba Mama anamsalimu sana, yuko shambani, mvua ziko karibu.

Rispa yuko shambani kweli. Upande wa migomba. Tulimzika tarehe tisa Januari.

Nimebonyeza kutuma, nikabaki nimekaa. Mama Brenda akadhani kompyuta imekwama. Najichukia. Hata jina la kuita uongo huu sina, maana nimeutuma mara nyingi mpaka mkono wangu unauandika wenyewe.

Jumapili, 21 Februari

Ambani, kaka yangu mkubwa, alikuja baada ya kanisa. Nilimpa chai. Alitazama jikoni akitafuta ingokho. Hakuna mtu wa kumchinja kuku nyumba hii, na mimi sikuwa na moyo.

Nikamwambia nimechoka kumdanganya mtoto. Akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, neno kama hilo halisemwangi kwa mashine. Mtu anaambiwa akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Atakuja mwezi wa sita akimaliza mtihani. Shangazi zake watampokea pale barabarani, watamleta polepole. Tulikubaliana mbele ya watu."

Kweli tulikubaliana. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Na si kwamba Ambani ni mjinga. Baba alipokufa nilikuwa kambi ya barabara kule Lumakanda. Wakaja watu wawili, wakasema mzee ni mgonjwa kidogo, twende. Kilomita kwa kilomita nikawa naelewa. Tulipofika mtini penye watu nilikuwa nimekwisha kujua, na kulikuwa na mabega ya kuegemea. Ndivyo tufanyavyo. Ni huruma.

Lakini Muhonja hayuko Lumakanda. Miezi mitano mtu ni mgonjwa kidogo?

Alipoondoka nilizoa majani juu ya kaburi. Nikazungumza naye kidogo. Nikaona haya, nikaingia ndani.

Jumatano, 24 Februari

Redio ile sasa imeweka picha. Kamera juu ya mlingoti, makutano ya chuo, picha mpya kila baada ya dakika chache. Huku kwetu ilishuka mstari mmoja mmoja: kwanza mbingu nyeupe, kisha taa za barabarani, kisha paa la kituo. Watu sita wanangoja basi. Wamevaa makoti makubwa, hakuna uso. Mmoja ana mkoba bega la kushoto. Muhonja hubeba kushoto.

Nikaamua ni yeye. Nani atanikatalia?

Nikamwangalia mpaka mtu akainua simu ya pembeni na laini ikakatika. Mama Brenda akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna ubaya, nimemuona. Hakuuliza nimemuona nani. Huyu mama ni mtu mzuri, ila ananionea huruma, na mimi sipendi kuonewa huruma na mtu wa fotokopi.

Ijumaa, 26 Februari

Picha haikushuka. Jioni ndefu. Nyumba hii zamani ilikuwa na kelele za sufuria. Sasa nikikohoa najibiwa na ukuta.

Jumanne, 2 Machi

Saa kumi na robo. Ukurasa umeandikwa kwa rangi nyekundu.

Theluji nzito tangu jana. Basi namba sita limeteleza kwenye kona ya hospitali, limegongana na lori. Wawili wamefariki. Tisa wamelazwa. Majina hayatatolewa mpaka jamaa waarifiwe.

Nilisoma mara nne. Nikangoja nusu saa. Ukabadilika: kona ya hospitali imefungwa, madereva wapite daraja la kaskazini. Nikangoja tena: kona itafunguliwa adhuhuri. Wanajali watu wapite wapi. Vizuri. Hata mimi ningeandika hivyo, ndiyo kazi yangu. Lakini yule aliyelala pale ana jina.

Nilipiga simu bwenini kwake. Ikaita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena. Mama Brenda alinizuia mara ya tano.

"Baba Muhonja, enda nyumbani. Mimi nitabaki hapa na laini wazi."

Nimeandika imeli mbili. Ya kwanza ndefu. Ya pili ina maneno matatu: Uko hai? Jibu.

Jumatano, 3 Machi

Hakuna jibu. Bwenini hawainui simu. Ukurasa: majina bado, jamaa hawajaarifiwa wote.

Sikulala, kwa hiyo nilifikiri, na kufikiri kwangu si kwa kunisaidia. Kama wafu wangekuwa watoto wa mji ule, jamaa wangearifiwa jana ile ile. Wako mtaa wa pili. Wakichelewa kupatikana, basi marehemu ni mtoto wa watu wa mbali. Nani aliye mbali na mji ule kuliko mimi?

Jioni nilikuwa nimekaa mlangoni. Watu wawili wakafungua lango. Wawili, wamevaa vizuri, wanatembea taratibu, hawasemi kitu. Kwetu mtu wa habari mbaya haji peke yake. Nikasimama. Nikawa natazama viatu vyao vikija.

Walikuwa akina mama wa kanisa, wanataka kuazima viti vya Jumamosi.

Nikawapa viti. Nikawapa na benchi ambalo hawakuomba.

Nimetuma imeli ya tatu leo. Sijui nimeandika nini humo.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua ya kwanza kubwa. Mti umeangukia nguzo ya simu, mji mzima hauna laini. Mama Brenda amekaa mbele ya kompyuta yake amekunja mikono. Mafundi wanasema labda kesho.

Kazini nilishika kalamu tu. Mkuu akauliza kama naumwa. Nikasema malaria. Uongo mwingine, nimeuzoea.

Siku mbili sijui lolote kuhusu mwanangu na naona nitapasuka. Kila saa inanipitia ikinikanyaga. Nikajiambia: hao wazungu wana roho gani, wanajua na hawaniambii. Kisha nikaacha kujiambia, maana nilisikia ninachosema. Muhonja nimemweka bila kujua karibu wiki tisa. Nami nilikuwa namwandikia kila Jumatatu, salamu juu ya salamu.

Kama yu hai nitamwambia. Kama hayuko, basi amekufa akidhani mama yake amemnunia. Hilo la pili siliwezi.

Kukipambazuka naenda Kisumu kutafuta laini.

Ijumaa, 5 Machi

Sikufika Kisumu. Niliposhuka mjini saa moja, Mama Brenda alikuwa amesimama kando ya barabara, khanga kichwani kwa mvua, karatasi mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Laini ilikuwa imerudi alfajiri. Aliniona kutoka ng'ambo, na hakungoja nivuke.

"Mtoto ako ni mzima! Kwanza jua hivyo. Halafu soma."

Nilivuka bila kutazama magari, nikasomea ndani ya duka lake.

"Baba, nimekuta barua zako tatu. Ulijuaje? Nilikuwa kwenye basi lile. Mkono umevunjika na niligongwa kichwa, wakanilaza siku tatu. Hospitali walitaka kuwapigia, nikakataa. Nilisema mngepata wasiwasi bure, mko mbali, mngefanya nini? Nilitaka kuwaambia nikija, niwe nimepona, mnione kwa macho. Usinikasirikie. Na tafadhali usimwambie Mama. Presha yake itapanda."

Nilicheka. Mama Brenda naye akaanza kucheka kwa furaha. Halafu nikawa silii wala sicheki, sijui ni nini, nimeshika ile mashine ya fotokopi isianguke, au mimi nisianguke. Akatoka nje akaniacha.

Usimwambie Mama. Alijifunza wapi huyu mtoto? Alijifunza mezani kwangu. Ameenda mwisho wa dunia na tabia yetu mkobani.

Sijamjibu. Neno la kumjibu ni moja tu, na siliandiki. Nitalisema.

Jumamosi, 6 Machi

Sikumuuliza Ambani.

Saa kumi na moja jioni. Mama Brenda alifunga mlango, akazima mashine, akaenda kukaa barazani. Simu iliinuliwa mara ya kwanza. Sauti yake. Alidhani nimepiga kwa ajili ya mkono, akaanza kunieleza plasta.

Nikasema, "Muhonja, kaa chini."

"Nimekaa."

"Mama yako amefariki. Alifariki tarehe nne Januari, saa tisa mchana, hospitali. Ilikuwa presha. Tulimzika Jumamosi ile. Mimi nilikuficha."

Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisipinde neno. Nikasoma kama ripoti. Laini ilikuwa inavuma. Nilidhani imekatika.

Kisha akasema, "Alivaa nini?"

Nikamwambia gauni la buluu, lile la harusi ya binti wa Ambani.

"Barua zote zile, Baba."

"Zote."

"'Mama anakusalimu.'"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Nikamuuliza yuko na nani chumbani. Akasema peke yake, wenzake wamekwenda kunywa chai. Hapo ndipo nilipomwelewa Ambani. Hapakuwa na bega. Mtoto wangu alilia nikimsikia, mkono mmoja kwenye plasta na mwingine umeshika simu, hata wa kufuta machozi hana. Sikukata. Nilibaki nikipumua ili ajue nipo. Ni yeye aliyeweka simu chini.

Jumatatu, 8 Machi

Ambani amesikia. Alipita nyumbani, akasimama nje ya lango, akasema nimemuua mtoto kwa waya. Hakuingia. Sikubishana naye. Huenda ni kweli.

Imeli: hakuna.

Jumatano, 10 Machi

Hakuna. Nimemwandikia kila siku. Sasa nimeishiwa, maana nusu ya barua zangu zilikuwa salamu za Rispa.

Mama Brenda aliniuliza kama nataka kuona barabara. Nikakataa. Kujua kwamba foleni imepungua hakuniambii kama amekula.

Jumapili, 14 Machi

Amejibu jana. Mistari mitatu.

"Nina hasira na wewe na sijui itaisha lini. Niambie siku ile yote, toka asubuhi. Usiruke kitu."

Leo sikwenda kanisani. Nimekaa mezani na daftari la shule, niandike kwanza kwa mkono, kesho nikachape. Jua limetoka. Majirani wanapalilia, nawasikia wakiongea ng'ambo ya ua.

Nimeandika kwamba mama yake aliamka kabla yangu, akawasha moto. Kwamba alisema kichwa kinamgonga. Kwamba chai alitia sukari mara mbili kwa kusahau, tukacheka. Kwamba saa moja kasorobo alinishika shati, akaniambia leo usiende kazini, kaa nami kidogo, sijisikii vizuri.

Nikaweka kalamu. Jambo hili sikumwambia Ambani, wala daktari, wala mchungaji. Hata humu sijawahi kuliandika. Nikafikiri, nani atajua nikiruka mstari mmoja.

Kisha nikaandika: Nilimwambia kuna ripoti ya kupeleka, nitarudi mapema. Nikatoa mkono wake kwenye shati. Nilienda.

Katika kuandika nimefika saa mbili asubuhi ya siku ile. Nimechemsha chai, nitaendelea.