Goti Langu Zima Linaombewa Ng'ambo

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, ambalo ndilo naamini, basi marahaba. Naomba msaada ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote kanisani kwetu, mimi ndiye fundi seremala, wananiita Mzee Randa, na hii naandika mwenyewe kwa penseli ya kupimia mbao, shule niliishia darasa la pili kwa sababu mwalimu aliona nimeshajua yote.

Sasa sikiliza. Kanisa letu lina kanisa rafiki ng'ambo, na miaka kumi na minne mfululizo wageni wanakuja wiki mbili, wanapaka rangi, wanatengeneza mabenchi, tunaimba, tunalia, wanaondoka. Kiongozi wao ni dereva mstaafu wa basi, mrefu, mcheshi, tunamwita Bwana Msumari kwa sababu kila kitu kwake ni msumari, na mingi inaingia imepinda. Mwaka wa kwanza, Jumapili moja tu baada ya wao kuondoka, benchi lao lilikaa chini na waimbaji wanne wa sauti nzito katikati ya sala, na mmoja wao amina yake hajaimaliza mpaka leo. Basi Jumatatu nikafunga mlango wa kanisa, nikafumua mabenchi yote sita, nikachonga miguu upya, ulimi wa mguu unaingia kwenye tundu lake ubaoni bila msumari hata mmoja, kazi ya kukaliwa na wajukuu wa wajukuu, ila ubao wa juu ambao kwa chini wameandika majina yao sikuuharibu, niliurudisha pale pale. Na tangu hapo wakiondoka mimi nafumua, hakuna ajuaye ila mke wangu, na wakirudi wanapiga picha na mabenchi yao na mimi nasimama pembeni napiga makofi. Si kwa ubaya, mshauri. Mtu katoka mbali kwa upendo, utamwambiaje benchi lako limeanguka?

Tena hawa watu kupima hawajui, kila mwaka Bwana Msumari analeta mbao mara mbili ya zinazotakiwa na za ziada ananiachia mimi, na mwaka jana kaniachia seti ya patasi mpya kabisa, yeye ambaye patasi anaishika kama kijiko cha uji. Akifika, kitu cha kwanza anapapasa benchi kwa chini, ananiangalia, anacheka peke yake. Mtu wa furaha sana. Nampenda kama tumezaliwa tumbo moja, na sioni haya kusema.

Mwaka huu ikaja barua, Mchungaji akaisoma mbele ya watu wote. Hawaji tena. Kanisani kwao wamebaki kumi na mmoja, wazee watupu, na Bwana Msumari daktari kamkataza ndege kwa sababu ya moyo. Wanasema hawana mbao za kuleta wala rangi, safari hii wao ndio wanaomba, tuwatumie mtu akae nao miezi miwili, asali nao, aimbe nao, atembelee wagonjwa wao. Na chini, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, Bwana Msumari kaandika kwa mkono wake: "Randa, njoo wewe. Tutengeneze benchi moja, mimi na wewe pamoja."

Kanisa zima likageuka kuniangalia. Nikasema goti linauma.

Goti langu zima, mshauri, jana nilikuwa juu ya paa. Lakini nikienda ataona ninavyochonga, atajua, na miaka yote kumi na minne itamgeukia aibu, mtu mwenyewe moyo mgonjwa. Halafu mmisionari tangu nizaliwe namjua ni mtu wa kuja, mimi ninayesoma kwa kuunganisha herufi niende nikafundishe nini? Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, unaogopa." Nikamwambia sijawahi kuogopa kitu. Akasema, "Haya, panda ndege." Nikamwambia mama we, niache, nachonga.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Mchungaji aliwaandikia habari za goti, nao wamejibu kwamba wote kumi na mmoja wanaliombea goti langu kila asubuhi kwa zamu, na Ijumaa ni zamu ya Bwana Msumari. Mchungaji anataka neno la mwisho Jumapili ijayo. Niseme ukweli au niendelee kuchechemea? Maana nimeshaanza kuchechemea, na juzi nilikosea mguu.

Ni mimi Mzee Randa, fundi kuliko wote huku, na si mimi ninayesema, ni watu.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mzee wangu. Marahaba umeshanipa, kwa hiyo twende kwenye kazi.

Wazee kumi na mmoja wanaamka asubuhi kuliombea goti lililopanda paa! Hapo huna pa kujitetea, na mkeo kakwambia kweli tupu. Umri huo unadanganya mpaka mguu unausahau?

Lakini mbona fundi kuliko wote hujaona kilicho mbele yako? Mtu aliyepitisha basi kwenye vichochoro maisha yake yote hajui kupima? Analeta mbao mara mbili kwa sababu anajua mabenchi yatatengenezwa mara mbili. Patasi kakuachia wewe kwa sababu anajua nani anazitumia. Anapapasa kwa chini anatafuta misumari yake, hapati hata mmoja, anakuangalia, anacheka. Mzee wangu, anajua siku nyingi. Wewe unamfichia asiaibike, na yeye anakufichia kwamba anajua, usiaibike wewe. Nimesoma barua za wachumba wengi katika safu hii, sijaona wanaotunzana hivi.

Na hilo la mmisionari kuwa mtu wa kuja, liache. Walipokuwa na nguvu walileta mikono yao, na misumari iliyopinda. Leo wamepungukiwa, wakakubali kusema wazi mbele ya kanisa zima kwamba wanahitaji mtu, na wakakutaja wewe. Hotuba hawajakuomba. Kuimba unajua, kuomba unajua, kukaa na mgonjwa unajua, kuunganisha herufi utaendelea huko huko.

Sasa fanya hivi. Jumapili simama, kwa miguu yote miwili, sema goti ni zima na unakwenda. Bwana Msumari mwandikie wewe mwenyewe kwa penseli hiyo hiyo, kabla Ijumaa nyingine haijafika, zamu yake aielekeze kwenye moyo wake. Patasi alizokupa ziende nawe, ila ziweke kwenye sanduku kubwa, mkononi watakunyang'anya uwanja wa ndege. Ukikuta kiti cha kanisani kwao kinacheza, marufuku kujifungia Jumatatu. Mwite, mkitengeneze wote.

Na hilo benchi lenu moja likiisha, mpe nyundo agonge msumari mmoja, popote anapotaka. Ukiingia umepinda, uache hivyo hivyo.