Kitabu Kilichongoja Sikio

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Ekerenyo hatujambo, ila babu yako bado anabishana na goti lake. Mvua imerudi na chai inachumwa.

Sasa wewe! Unaniuliza kama mtoto wa miezi minane aonyeshwe kitabu, kumbe umeshakifungia kabatini asikirarue. Nani alikufundisha hayo? Ni mimi, bila shaka.

Miaka ya sitini mtoto hakupelekwa shule mpaka mkono wake upite juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Nilinunua kitabu cha picha sokoni, nikakifungia sandukuni. Baba yako alipolia akitaka kukiona, nilimwambia, "Gusa sikio kwanza." Kila asubuhi aliuvuta mkono wake, maskini.

Siku alipoligusa nilifungua sanduku kwa fahari. Panya walikuwa wamebakiza jalada tu! Akalishika, akalifungua taratibu, akaniuliza, "Mama, kumbe kitabu huwa kitupu ndani?"

Kitoe kabatini leo. Mpakate mtoto, mtazame picha pamoja. Akirarua ukurasa, angalau atakuwa ameuona.

Nyanya yako,
Nyaboke